Babangu ameandikiwa "picha ya mishipa ya mguu", nami naambiwa ziko nne. Ipi kwanza? (Lamu)

#1 MwanaMkomani (mwenye uzi)

Asalaam aleikum, na wengine wote hamjambo. Mnivumilie, uzi ni mrefu na nauandika kwa simu. Huku Mkomani ukiwa ndani ya nyumba za mawe mtandao unakuja na kwenda kama maji ya bamvua.

Babangu ana miaka 71. Alikuwa fundi wa majahazi. Sukari anayo mwaka wa 14 sasa, sigara ameacha juzi (yeye anasema ameacha, mfuko wa kanzu unasema vingine). Tangu mfungo uliopita akienda msikitini husimama njiani mara mbili. Si pumzi. Ni shavu la mguu wa kushoto, linambana kama limekazwa kamba. Akisimama dakika mbili linaachia, akienda hatua mia linarudi. Sisi tukasema uzee. Halafu akajigonga kidole gumba kwenye ngazi ya gati. Kidonda kilikuwa kadiri ya punje ya kunde, leo ni wiki ya saba hakijafunga na ukingo wake umeanza weusi.

Kilichonishtua zaidi ni usiku. Analala mguu ukining'inia nje ya kitanda. Mwanangu alidhani babu yake ataanguka, akauinua akaurudisha juu. Mzee alipiga ukelele, nyumba nzima tukaamka.

Daktari aligusa juu ya unyayo, akagusa nyuma ya kifundo, akanyamaza. Akaandika rufaa: picha ya mishipa ya mguu. Mzee kusikia "mshipa" akawaka: "Mimi sina mshipa!" Alidhani anaambiwa ana busha. Ikabidi aelezwe upya, wauguzi wanacheka kwa pembeni.

Sasa kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja Dopla, mmoja CT ya rangi, mmoja MRI, na jirani yangu anasema kuna ile ya kuingiziwa mpira kinenani. Kwani zote si picha? Ninaanza na ipi? Nina mashua moja tu, sitaki kuiuza kwa ajili ya picha isiyokuwa na kazi.

#2 Kibarazani

Pole kaka. Mimi nina neno moja. Wakianza habari ya kukata, uliza: "Ramani ya damu mmeiona?" Ami yangu alikatwa chini ya goti. Mkato haukupona kwa sababu damu haikuwa ikifika hata hapo, akakatwa tena juu ya goti. Miezi miwili, visu viwili, na picha ya mishipa hakupigwa hata moja. Hospitali siitaji.

#3 DawaZaAsili

Picha ni biashara tu hizo. Mpake mafuta ya habasoda, mguu uoshwe kwa maji ya moto kila usiku, damu itafunguka yenyewe. Anayetaka zaidi anitafute pembeni.

#4 MwanaMkomani

Habasoda ipo ndani, ahsante. Maji ya moto tulishajaribu wiki ya pili. Mguu ulitoka malengelenge na mzee hakusikia kitu, mpaka tulipoyaona sisi.

#5 PichaMalindi

Mpe mzee shikamoo yangu. Mimi ni radiografa, mpiga picha za hospitali, niko Malindi, kazini kwangu pabaki kwangu.

Maji ya moto acheni leo hii. Mguu wenye njaa ya damu ukiupasha moto unadai damu zaidi, na haipo. Na sukari ya miaka 14 inakuwa imeshakula neva za mguu, ndiyo maana hakusikia akiungua.

Halafu tulinyooshe hili neno. "Mshipa" wetu tumeupakia kama punda wa Langoni: neva zinazopeleka hisia humo, vena zinazorudisha damu moyoni humo, ateri humo, na kama mzee alivyosema, busha nayo humo. Si mzaha. Nimeona watu wanachomwa sindano za neva mwaka mzima kwa sababu waliambiwa wana "tatizo la mishipa", kumbe ilikuwa ateri. Hapa tunazungumzia ateri, njia inayoshusha damu kutoka moyoni. Inatoka tumboni, inagawanyika mbili, inapita kinenani, inashuka pajani, inapita nyuma ya goti, na chini ya goti inakuwa matawi matatu yanayoteremka kuelekea unyayoni. Babako akibanwa shavu la mguu anapotembea, uwezekano mkubwa kizuizi kiko juu ya hapo, pajani au nyuma ya goti.

Sasa, kabla ya picha yoyote. Daktari alikuwa akitafuta mapigo mawili, na akinyamaza basi hakuyapata. Kinachofuata ni kipimo chepesi hata watu hukidharau. Ule mkanda wa presha hufungwa juu ya kifundo cha mguu, na kidude kidogo cha Dopla husikiliza mapigo yanarudi lini. Presha ya kifundo inagawanywa kwa ya mkono. Mkono 140, kifundo 70, jibu 0.5. Mzima hupata 1.0 hadi 1.4. Chini ya 0.9 ateri ina ugonjwa, na chini ya 0.4 hali ni mbaya. Mguu unaoning'inizwa nje ya kitanda mara nyingi huwa karibu na huko: mtu anatafuta msaada wa uzito wa damu yenyewe ishuke vidoleni. Mjukuu alipouinua aliuondolea hata kidogo kilichokuwa kikifika. Msimgombeze mtoto.

Hicho kipimo kimefanywa? Kama bado, mashua iache majini kwanza.

#6 BintiShela

Samahani naingilia hapo kwenye 1.4, maana ndipo sisi tulipoumia.

Mamangu ana sukari ya miaka 20. Tulimpeleka kliniki moja ya kulipia, siitaji na si ya hapa Lamu. Jibu likatoka 1.5. Kijana aliyempima akatupongeza, "Mama ana mishipa ya msichana." Tukarudi tumefurahi, njiani tukanunua na haluwa. Akapewa vidonge vya neva na mafuta ya kuchua. Miezi mitatu baadaye vidole viwili vyeusi. Hospitali ya pili daktari aliishika ile karatasi yetu ya 1.5 akaiweka chini taratibu. "Hii si afya. Hii ni chokaa."

Naandika hili kwa sababu mzee wako naye ni wa sukari.

#7 PichaMalindi

Dada, pole sana. Daktari wa pili alisema kweli tupu. Sukari ya siku nyingi, na ugonjwa wa figo pia, huingiza chokaa ndani ya ukuta wa ateri. Inakuwa ngumu kama kuta zenu za Shela. Mkanda unabana, bomba haliminyiki, mashine inasoma presha kubwa ya uongo. Jibu likipita 1.4 hakuna cha kushangilia. Mgonjwa kama huyo hupimwa presha ya kidole gumba cha mguu, kwa mkanda mdogo, kwa sababu ateri za vidole kwa kawaida hazipigwi chokaa kiasi hicho. Huko kipimo ni 0.7, chini yake ni tatizo. Kidole gumba kikiwa na kidonda hutumiwa cha pili.

Baada ya hapo ndiyo picha ya kwanza, nayo karibu kila mara ni Dopla. Haina mionzi, haina sindano, ni jeli ya baridi na kifaa kinachopitishwa juu ya ngozi kuanzia kinenani hadi kifundoni. Pikipiki ikikujia honi ikilia, sauti huwa nyembamba. Ikikupita huwa nzito. Christian Doppler aliandika habari hiyo mwaka 1842, na yeye alikuwa akiwaza nyota, wala si miguu ya watu. Kifaa hutuma sauti isiyosikika, chembe nyekundu za damu huirudisha, kompyuta hupima imebadilika kiasi gani na kuigeuza kuwa kasi na rangi. Zile nyekundu na buluu mnazoziona kwenye skrini ni mwelekeo tu, damu inakuja au inaondoka. Kila siku kuna mtu ananiuliza kama buluu ni damu chafu.

Tunachowinda ni kasi. Mahali palipobanwa damu hukimbia. Kasi ya hapo ikiwa mara mbili ya kasi ya sehemu iliyo juu kidogo yake, njia imefinywa nusu au zaidi. Ikiwa mara nne, zaidi ya robo tatu imekwenda.

#8 NahodhaMkanda

Hilo la kasi mimi nimelifahamu bila kusoma. Nendani mkondo wa Mkanda, hapo kati ya Manda na bara. Mai yakijaa ndia ni pana, chombo chapita pole. Mai yakitoka ndia hubana, na yale mai yalosalia yenda mbio hata mtumbwi wakushinda. Kisha ukipita ule ubano, mai yalala yakizunguka zunguka. Yeo mwanitambia kwamba ndani ya mguu wa mtu mna Mkanda?

#9 PichaMalindi

Nahodha, mimi nimesomea jambo hili miaka na sijawahi kulieleza vizuri hivyo. Na hata pale yanapozungukazunguka tunapaona: rangi huvurugika, nyekundu na buluu zinachanganyika mahali pamoja.

#10 MwanaMkomani

Habari mpya. Nimechukua siku tisa kurudi, mnisamehe.

Kipimo cha mkanda: kulia 0.8, kushoto 0.45. Kidole cha pili cha kushoto nacho chini. Kwa hiyo si uzee.

Dopla tumefanya Malindi. Tulivuka alfajiri hadi Mokowe, basi, Witu, Garsen, mpaka Malindi mzee ameshikilia mguu wake mkononi kama mtoto mchanga. Chumba kilikuwa na giza na baridi. Dada aliyempima hakuzungumza sana, ila aliifungua sauti ya mashine tukasikia. Alianza na kinena cha kulia: pwa-ta-ta, pwa-ta-ta, kavu, kama kiboko hewani. Akaja kushoto, kinenani hivyo hivyo. Akashuka pajani pole pole. Kama shubiri moja juu ya goti sauti ikapanda ghafla, ikawa mluzi mwembamba, mpaka mzee akageuza kichwa. Chini ya goti haikuwa tena ile ya mapigo matatu. Ilikuwa hoo... hoo... kama mtu anayepuliza makaa yaliyokaribia kuzima.

Sikuhitaji kusubiri ripoti. Ila ripoti inasema: kasi juu ya ubano sentimita 80 kwa sekunde, penye ubano 340, na ateri za chini ya goti "hazikuonekana vizuri kwa sababu ya kivuli cha chokaa". Wamependekeza CT ya rangi. Sasa nauliza: kama Dopla imeshaona, CT ya nini? Na mbona si MRI? Mtu wa kibarazani amesema MRI ndiyo kubwa kuliko zote.

#11 MionziHapana

CT ni mionzi mitupu, itampa saratani. Nenda MRI.

#12 PichaMalindi

340 kwa 80 ni zaidi ya mara nne. Ubano wa paja umepatikana, huo hauna ubishi. Kilichobaki ni swali la daktari wa mishipa: nikifungua hapo juu, damu itateremkia wapi? Katika yale matawi matatu ya chini lipo hata moja linalofika unyayoni? Na kule juu tumboni, ambako gesi ya matumbo huizuia Dopla, njia ni safi? Ndiyo maana anataka ramani nzima ya kutoka kitovuni hadi vidoleni.

CT, ile eksirei inayomzunguka mtu, huichora kwa sekunde chache. Rangi yenye iodini, kama mililita 100, inasukumwa kwa mashine kwenye vena ya mkono, na kitanda kinasogea kuifuata inavyoshuka. Hapo pana ufundi. Mguu uliobanwa hupokea rangi kwa kuchelewa, na mashine ikienda mbio inaipita rangi njiani. Unapata picha ya mguu mtupu na kudhani umeziba wote, kumbe rangi ilikuwa bado iko pajani. Radiografa mzuri huliwaza hilo kabla, na pengine hurudia mzunguko wa pili wa chini ya goti hapo hapo.

Mionzi ipo, sikatai. Lakini kwa mzee wa miaka 71 ambaye kidole chake kimeanza kufa, hatari ya saratani ya miaka mingi mbele siipimi mizani moja na hatari ya kuukosa mguu mwezi ujao. Ninachokihofia zaidi ya mionzi ni figo. Apimwe kreatinini (kipimo cha damu cha figo) kwanza, anywe maji isipokuwa daktari amemkataza, na akiwa anatumia metformini, dawa ya sukari, aseme. Mwenye figo dhaifu sana huambiwa aisimamishe kwa saa 48 baada ya rangi na figo zipimwe tena kabla ya kuirudia.

MRI hutumia sumaku, haina mionzi, na chokaa haiisumbui, hilo ni zuri kweli kwa mtu wa sukari. Lakini nayo ina yake. Kulala kimya ndani ya handaki lenye kelele kwa nusu saa au zaidi, na mguu wenye maumivu ya usiku hauvumilii. Mwenye stenti ya zamani (kibomba cha waya cha kuiweka ateri wazi) huonekana kama amekatika hapo, chuma hula picha. Na rangi yake ya gadolini kwa mwenye figo zilizochoka ilishaleta balaa la ngozi kukakamaa mwili mzima, hasa zile aina za zamani. Huyu wa kibarazani anayesema ni kubwa kuliko zote amwulize daktari "kubwa kwa kazi gani".

Kinyume chake, udhaifu wa CT ni chokaa. Kwenye ateri nyembamba za chini ya goti chokaa hung'aa na kuvimba kwenye picha kuliko ilivyo, njia iliyo wazi ikaonekana imefungwa. Kwa hiyo usishangae CT ikija na jibu la nusu.

#13 BintiShela

Swali dogo. Mamangu alikataliwa rangi kwa sababu akila kamba anawashwa. Mpokezi alisema iodini ya baharini ni ile ile. Huku kwetu nani hana jamaa anayewashwa na kamba au kaa?

#14 PichaMalindi

Aah, hilo limenichosha miaka yote. Anayewashwa na kamba anawashwa na protini iliyo ndani ya nyama ya kamba. Iodini haihusiki, na iodini ipo hata kwenye chumvi ya jikoni. Swali la maana ni hili: amewahi kudungwa rangi hii hii akavimba au akabanwa pumzi? Hilo likiwa ndiyo, tuzungumze na daktari. Mtu mwenye mizio mingi au pumu ataje pia. Lakini kamba peke yake si sababu ya kumnyima mtu picha.

#15 MwanaMkomani

Mombasa tumekwenda na kurudi. Kidogo tukwame dirishani kwa sababu michango yake ya SHA, bima ya afya ya serikali, haikuwa imekamilika, na kosa ni letu, tulidhani NHIF ya zamani ilijihamisha yenyewe na kila kitu chake. Kamilisheni kabla ya kupanda basi.

Mzee alisema rangi ilipoingia alihisi joto linashuka kutoka kooni hadi kinenani, akadhani amejikojolea. Aliona haya kutuambia mpaka usiku. Wangemwonya kabla asingepata tabu hiyo, kumbe wengi huhisi hivyo.

Jibu ni kama PichaMalindi alivyotabiri. Juu kote safi. Paja la kushoto limebanwa karibu kufunga, urefu wa sentimita nne. Chini ya goti: "chokaa nyingi, haiwezekani kuamua". Sasa wanasema angiografia, ile ya mpira kinenani, na wakiweza watafungua hapo hapo kwa puto. Ndugu wa nyumbani wamegawanyika. Shangazi anasema mmepiga picha mbili na mguu uko vile vile.

#16 MaalimMstaafu

Mwambie shangazi kisa hiki, mimi nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wa fizikia.

Mwaka 1924 daktari Mmarekani, Barney Brooks, alidunga maji ya iodini moja kwa moja kwenye ateri ya paja ili aione kwa eksirei. Njia ilikuwa ya hatari, ateri ilibidi ifunuliwe kwa kisu. Mwaka 1953 Msweden, Sven Ivar Seldinger, akaja na hila nyepesi: sindano inaingia, waya unapita ndani ya sindano, sindano inatolewa, mpira unateleza juu ya waya. Mpaka leo ndivyo wanavyofanya.

Kisha tarehe 16 Januari 1964, Portland huko Marekani, kulikuwa na bibi wa miaka 82, mguu wa kushoto umeanza kuoza, madaktari wanataka kukata, yeye amekataa katakata. Charles Dotter akapitisha mipira kwenye ateri yake ya paja, mwembamba kwanza halafu mnene, akaitanua njia kutokea ndani. Mguu ukapata joto, akaendelea kuutembelea hadi alipofariki. Puto lilikuja miaka kumi baadaye, kwa Andreas Grüntzig kule Zürich. Kwa hiyo hii ya mwisho ni picha na tiba kwa mlango mmoja.

#17 PichaMalindi

Ahsante Maalim. Niongeze kwa nini angiografia inaona kile ambacho CT imeshindwa, maana jina lake kamili ni "angiografia ya kidijitali", na siri iko kwenye hilo neno la mwisho.

Tia simu juu ya kigingi, ipige picha gati ya Lamu kabla jahazi halijafika. Usiiguse. Jahazi likifunga, piga tena. Sasa iambie kompyuta itoe picha ya kwanza ndani ya ya pili, nukta kwa nukta. Kuta zinatoweka kwa sababu zimo kwenye zote mbili. Mizinga ya zamani inatoweka, mashua zilizofungwa zinatoweka. Linabaki jahazi peke yake kwenye weupe. Hivyo ndivyo inavyofanywa mguuni: picha ya kwanza kabla ya rangi, ya pili rangi ikipita, kutoa, na mifupa na chokaa ya zamani vyote vinakwenda. Inabaki damu tu inavyotiririka, tawi kwa tawi, hata njia nyembamba kama uzi. Wazo hili lilikomaa kwenye miaka ya 1970, na Charles Mistretta wa Chuo Kikuu cha Wisconsin ni mmoja wa waliolisukuma mbele.

Lakini kama katikati ya picha mbili punda alisogea hatua moja, kompyuta haina la kumtoa. Utabaki na mzimu wa punda, upande mweusi upande mweupe. Ndiyo maana mzee ataambiwa mara kumi: usitikise mguu. Na hapo rangi inaingia ateri yenyewe, mguu utawaka moto kwa sekunde kadhaa. Mwandaeni kwa hilo, maana atatikisa hapo hapo na picha itaharibika.

Figo zikiwa dhaifu sana, waulizeni kama wanatumia hewa ya kaboni dioksaidi badala ya rangi. Kwa miguu inafaa. Hairuhusiwi juu ya kiwambo, ule ukuta unaotenga tumbo na kifua.

Hatari zipo, shangazi aambiwe: kuvuja damu kinenani, uvimbe pale palipotobolewa, mara chache ateri kuchanika. Ndiyo maana haifanywi kwa udadisi. Inafanywa wakati mtu yuko tayari kutibu.

#18 Kibarazani

Huyo punda wa gatini nimemwelewa kuliko daktari yeyote.

#19 MwanaMkomani

Wiki tatu zimepita. Imefanyika.

Nilikuwa nje ya kioo. Wote ndani wamevaa aproni nzito za madini ya risasi, za kuzuia mionzi. Daktari akaanza kupaka dawa kinena cha KULIA, na mzee akanyanyua kichwa: "Nyinyi! Mguu mgonjwa ni huu!" Alikuwa tayari kushuka kitandani. Daktari akamweleza kwamba wanapanda kwa kulia, wanavuka kule juu ateri zinapogawanyika tumboni, na kushukia kushoto, ili wasiutoboe upande wenye tabu. Mzee akafikiri, akasema, "Haya, ni kama kwenda Matondoni kwa kuzunguka," akalala.

Nikaona kwenye skrini paja likiwa na uzi mweusi mnene, kisha ukaisha ghafla kama umekatwa kwa wembe, halafu chini yake vijiuzi vidogo vya pembeni vilivyojitafutia njia vyenyewe. Puto likaingia, likatuna kama dakika mbili, likatolewa. Picha nyingine: uzi umeunganika. Chini ya goti kati ya matawi matatu moja lilikuwa limekufa, moja limebanwa, na moja, lile la mbele, lilikuwa wazi hadi juu ya unyayo. CT ilikuwa imesema haliwezi kuamuliwa.

Baadaye kijana mmoja alibana kinena kwa mkono kama dakika 20 bila kubadilisha kidole. Kisha saa sita kulala chali, mguu wa kulia usikunjwe. Hiyo ndiyo iliyomtesa mzee kuliko yote, kwa sababu alikataa chupa ya mkojo mbele ya watu.

Kidole gumba hakikuokoka. Kilikatwa wiki iliyofuata, ila mkato umefunga, siku 16 leo. Mguu una joto. Analala nao juu ya kitanda. Kipimo cha mkanda sasa 0.8. Msikitini anasimama mara moja, na nadhani hapo kwa Bwana kahawa angesimama hata akiwa na miguu ya kijana. Mashua ipo, deni pia lipo.

Swali la mwisho. Wametupa CD na kila kompyuta ninayoijua hapa Lamu haina pa kuitia. Nilipiga skrini kwa simu kule hospitali, yatosha?

#20 PichaMalindi

Alhamdulillahi kwa mguu, pole kwa kidole. Hapana, haitoshi. Ile ni picha inayokwenda, ukiipiga kwa simu unapata kituo kimoja tu cha safari. Tafuta mtu mwenye kisomaji cha nje, nakili folda yote kwenye flashi bila kubadilisha majina ya mafaili, hata yale yanayoonekana hayana maana. Zimo za DICOM (aina ya mafaili ya picha za hospitali) na programu ya kuzifungulia. Weka flashi mbili, moja isikae nyumba moja na nyingine. Njia iliyofunguliwa kwa puto inaweza kubana tena, na daktari atataka kulinganisha. Dopla arudie kama daktari alivyopanga, asingoje maumivu. Na mfuko wa kanzu ukaguliwe.

#21 MwanaMkomani

Mfuko umekaguliwa, nilikuta tambuu tu. Mungu anajua.

Jana fundi wa simu hapa Langoni alitufungulia ile CD kwa kompyuta yake ya zamani. Mzee aliiangalia kimya hadi mwisho, damu ikishuka, weupe mtupu pande zote. Swali lake la kwanza: "Na mifupa yangu wameipeleka wapi?"

Nimemweleza habari ya punda na gati. Hajaniamini.